Bei ya dalali wa Uyole kwenye fomu ya halmashauri

Shilingi milioni 80, bei ya nyumba ya mama mkubwa wangu. Niliiandika namba hiyo mwenyewe, kwa wino mweusi kama fomu ilivyoagiza, nikaigeuza kuwa paundi kwa kikokotoo cha simu, nikasaini. Hakuna Mzungu aliyenidanganya. Nilidanganywa na dalali wa Uyole kupitia binamu yangu, nami nikakubali kama mtu ambaye hajawahi kununua kiwanja Mbeya.

Haya, habari ya nyumba ya kwetu inavyoweza kukuletea bili ya kutunziwa mzee huku, nawaandikia wenzangu tulioko England, wa Mbeya, Iringa, Njombe na huko juu kote, wenye mzee anayezeekea huku lakini ana nyumba, kiwanja au shamba la parachichi kule. Kama mzee wako hana hata tofali nyumbani, yako ni mepesi, unaweza kuruka nusu ya maneno haya. Walioko Scotland nao wana sheria yao, nitawagusa baadaye kwa wivu.

Mama mkubwa wangu alikuja Uingereza 1974 kusomea uuguzi, akafanya kazi wodini hadi kustaafu. Pasipoti ya Kiingereza aliikataa miaka yote. Alisema hawezi kuja kuwa mgeni kwenye ardhi ya baba yake Rungwe, na mnajua sheria yetu ya ardhi ya 1999 inavyomtazama asiye raia. Kwa hiyo nyumba ya Uyole, vyumba sita na fremu mbili mbele, moja ya fundi cherehani na nyingine ya duka la pembejeo, iko kwa jina lake. Aliijenga kwa miaka kumi na minne. Huku amepanga nyumba ya halmashauri, hana mali nyingine zaidi ya paundi 3,100 benki na pensheni yake.

Akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea, mguu ukawa unaburuta. Hospitali hawakutudai hata senti, na hapo ndipo akili yetu ilipolala. Akatolewa na mpango wa wahudumu wa kuja nyumbani asubuhi na jioni: kumwogesha, kumvisha, kumsaidia chooni, kuangalia amekula. Siku ya kwanza mhudumu akaingia saa moja na dakika kumi, glavu za bluu mkononi, akamwambia, “Haya darling, tuoge.” Mama mkubwa akamtazama juu mpaka chini. “Mimi nilikuwa sista wa wodi. Niite Sista.” Mpaka leo wanamwita Sista.

Sasa sikilizeni. Huku kwa Waingereza kutibiwa ni kitu kimoja na kuogeshwa ni kitu kingine. Daktari, kitanda cha hospitali, upasuaji, hivyo ni bure. Kuoshwa mgongo na kufungwa vifungo vya blauzi ni mambo ya ustawi wa jamii, yako chini ya halmashauri, na halmashauri inaanza kwa kuuliza una nini. Kwa England kuna huduma ya kumrudishia mtu nguvu baada ya kutoka hospitali ambayo haitozwi, hadi wiki sita. Nasema hadi, si lazima zifike sita. Na hakuna anayekuja mlangoni na tarumbeta kukutangazia kuwa zimeisha. Mhudumu ni yuleyule, saa ni zilezile, glavu ni zilezile. Kinachobadilika ni mlipaji.

Mimi nilikuwa na hakika serikali inalipa. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu alisema hivyo. Kundi la WhatsApp la ukoo lilishatoa hukumu: “Wenzetu huko wazee wanatunzwa, hadi hela ya mfukoni wanapewa.” Msemaji mkuu alikuwa baba mdogo wa Kyela, ambaye safari yake ndefu nje ya nchi ni kuvuka Kasumulu kwenda Karonga. Nampenda baba mdogo. Lakini ndugu zangu mlioko nyumbani, mtu akiwauliza mambo ya Uingereza na hamyajui, semeni hamyajui. Mnatuponza.

Ofisa ustawi wa jamii alituachia fomu ya kukagua uwezo wa kifedha. Kuna swali: una nyumba au ardhi nyingine, ndani ya Uingereza au nje? Nikaweka tiki ya ndiyo, kwa sababu ni kweli, na kusema uongo pale ni kosa. Kisha wakauliza thamani. Nikampigia binamu. Binamu akamwita dalali. Dalali hakuingia hata uani. Alisimama barabarani, akatazama bati, akasema, “Hii haikosi themanini.” Wewe msomaji unamjua dalali huyo. Anataja bei ya kukufurahisha ili umpe kazi ya kuuza. Ungekuwa Uyole ungecheka, ungempa soda, mngeendelea na mazungumzo mengine. Lakini nilikuwa mbali, na nakiri kwamba bei ile ilinipa fahari kidogo. Mama mkubwa wangu ana nyumba ya milioni 80! Nikaiandika.

Kwa kiwango cha wiki ile, paundi moja kwa shilingi 3,400, ilikuwa paundi 23,529. Kikomo cha England ni paundi 23,250, na hakijasogezwa tangu 2010 pamoja na vitu vyote kupanda bei. Ukiwa na mali inayozidi hapo, unajilipia huduma yote. Ongeza zile 3,100 za benki. Tukavuka.

Bili ilikuja wiki tisa baada ya zile za bure kwisha, yote kwa mpigo: saa 14 kwa wiki, paundi 22 kwa saa, yaani 308 kwa wiki, jumla paundi 2,772. Ni zaidi ya shilingi milioni 9. Niliisoma nimesimama jikoni, Mama mkubwa akiniuliza kutoka sebuleni kama ni barua ya umeme. Nikamwambia ndiyo, ni ya umeme.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Mtaa wa pili kuna mzee wa Kizungu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, ya thamani inayoweza kununua nusu ya mtaa wetu Uyole. Kwa huduma ya nyumbani, nyumba unayoishi haihesabiwi. Haihesabiwi kabisa. (Ukihamia makao ya wazee, hesabu ni nyingine.) Nyumba ya pili ndiyo inayohesabiwa, na kwa mama mkubwa wangu, aliyepanga huku na kujenga kwao, nyumba ya Uyole ndiyo hiyo “ya pili” ingawa hana ya kwanza. Sheria haikutungwa ili imwonee mtu wa Rungwe. Ilitungwa na watu ambao hawakuwaza kwamba mtu anaweza kupanga miaka hamsini huku roho yake inapiga lipu kwingine. Rudieni kuisoma hiyo: nyumba ya kule inahesabiwa. Kiwanja kinahesabiwa. Na kodi ya fremu nayo itaulizwa, hata kama binamu anaila yote kwa jina la ukarabati.

Nilipowaambia nyumbani, binamu akaja na dawa. “Kaka, tuihamishe fasta.” Siku ya tatu nikapokea picha: muhtasari wa mauziano, nyumba imeuzwa kwa shemeji, muhuri wa mtendaji juu, tarehe ya 2016, na wino bado unang'aa kwenye picha. Alikuwa ameshaandika chini yake: “Watumie hiyo.”

Sikuituma. Nawe usiitume. Waingereza wana jina la mchezo huo, kujivua mali kwa makusudi ili kukwepa malipo, na sheria ya huduma ya 2014 inawaruhusu wakuhesabie mali hiyo kana kwamba bado unayo. Aliyepokea mali naye anaweza kudaiwa. Na karatasi ya kughushi inakutoa kwenye habari ya bili na kukuingiza kwenye jinai. Usiitume, hata kama shangazi analia kwenye simu, hata kama mchungaji amesema Mungu anajua mioyo.

Tena kuna jambo ambalo binamu hakulifikiria, au alilifikiria sana, sijui. Karatasi ambayo ni ya uongo kwa Waingereza, Uyole ni ya kweli. Ina muhuri, ina mashahidi, ina saini. Siku shemeji akiamka vibaya, Mama mkubwa mwenye mkono mmoja ataanzia wapi, baraza la ardhi la kata? Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, maili elfu ngapi? Nilimuuliza binamu hivyo. Akakaa kimya, akasema mtandao unasumbua.

Kilichotuokoa ni kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kushika kalamu: mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Ada yake ilinikera, lakini alikuja na tepu, akapima, akapiga picha ufa wa ukuta wa nyuma, akaandika kuwa nyumba bado haina hati miliki, akaandika ripoti yake kwa Kiingereza na mhuri wake. Milioni 52. Si 80. Halafu kwenye mwongozo wa halmashauri kuna kanuni ambayo hakuna aliyenitajia: kama kuuza kuna gharama, wanapunguza asilimia 10 ya thamani, pamoja na deni lolote lililowekewa nyumba hiyo dhamana. Milioni 52 kwa kiwango kilekile ni paundi 15,294. Ukitoa asilimia 10 inabaki 13,765 hivi. Pamoja na akiba ya benki ikawa kama 16,865.

Hapo hesabu inageuka. Chini ya paundi 14,250 mali haikugusi. Kati ya hapo na 23,250, kila paundi 250 au kipande chake wanaichukulia kana kwamba inakuingizia paundi moja kwa wiki. Kwa Mama mkubwa ikawa paundi 11 kwa wiki kutokana na mali, juu ya mchango unaotokana na pensheni, na kwa pensheni wanalazimika kumwachia kiasi cha kuishi. Kutoka 308 kwa wiki! Niliandika malalamiko, nikaambatanisha ripoti, ikachukua miezi minne na barua tano, wakarudisha hesabu nyuma hadi wiki ya kwanza ya malipo. Kama nyumba mlijenga wawili au watatu, tafuteni risiti za saruji na miamala ya kutuma pesa sasa hivi, maana mwenye sehemu anahesabiwa sehemu yake, lakini kwa ushahidi. “Ni ya ukoo” bila karatasi ni hadithi tu mezani kwao.

Mengine ni ya kawaida. Kupimwa mahitaji ni haki ya mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, tajiri au maskini, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwenye simu kwamba “mna hela, jitafutieni”. Omba makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya wiki ya saba. Aliyefika umri wa pensheni aombe Attendance Allowance, posho ya serikali kwa mzee anayehitaji kusaidiwa, haijali mali (mwaka 2025 ilikuwa paundi 73.90 au 110.40 kwa wiki), ila mwenye viza ya kutogusa fedha za umma asiiombe kabla ya kuuliza mwanasheria, kwa kuwa imo kwenye orodha ya fedha hizo. Weka risiti za gharama zinazoletwa na ugonjwa, kama kufua mara mbili na kupasha nyumba joto. Mama mkubwa kazaliwa kwenye baridi ya Tukuyu lakini sasa hita haizimwi. Age UK, shirika la hisani la wazee, wanashauri bure. Halmashauri ikikataa malalamiko yako, kuna mchunguzi wa malalamiko juu yake.

Na uandike muda. Jikoni kuna daftari la wahudumu; niliweka langu pembeni. Tulitozwa saa nzima, mhudumu akikaa dakika 35. Sikumlaumu binti yule, nami nimefanya kea, kazi hiyohiyo ya kuhudumia wazee, miaka mitatu, najua unavyopewa wazee kumi na mbili na basi moja. Lakini dakika ni hela.

Scotland, kwa mwenye miaka 65 na zaidi aliyepimwa na kuonekana anahitaji, kuogeshwa na kuvishwa ni bure tangu 2002, na tangu 2019 hata kwa walio chini ya umri huo. Nchi hiyohiyo, mfalme huyohuyo. England wao wanaahidi. Tume ya Dilnot, iliyoundwa na serikali kuangalia malipo ya huduma hizi, ilishauri 2011 kuwe na ukomo wa anacholipa mtu maishani. Wakaja kusema utakuwa paundi 86,000 na utaanza Oktoba 2025, kisha Julai 2024 wakaufuta. Waingereza hawaandamani kwa hili kwa sababu hawalizungumzi. Watakueleza habari za mbwa wao hadi utumbo, lakini mzee anauza kila kitu kimyakimya na jirani anajua kwa kuona kibao cha “inauzwa”.

Msinielewe vibaya, siwasifii wa kwetu kupita kiasi. Kule bibi anaogeshwa na mjukuu bila bili, kweli. Ila mjukuu wa bibi yangu aliyefanya kazi hiyo aliacha shule kidato cha pili, na hakuna aliyemwandikia fomu.

Ukaguzi unarudiwa kila mwaka, na wetu ni mwezi ujao. Jana binamu amenitumia picha ya kokoto zimemwagwa mbele ya nyumba: anataka kuongeza fremu ya tatu, “iongeze thamani”. Nimemwambia asimwage zege mpaka nimpigie.