Filamu ya Zamani ya Besiboli: Jinsi ya Kuiokoa na Kujua Ilipigwa Mwaka Gani

Usiiweke kwenye projekta. Hilo ndilo la kwanza, hata kama mashine ya zamani bado inawaka na familia nzima imekaa kusubiri. Mkanda wa 8mm au 16mm uliokaa kwenye boksi tangu enzi za Joe DiMaggio, nyota wa besiboli wa miaka ya 1930 na 1940, umesinyaa kidogo, na kusinyaa kwa asilimia moja tu kunatosha kufanya matundu ya pembeni yasilingane tena na meno ya mashine. Meno yanararua matundu, mkanda unakwama, na taa inaunguza fremu iliyosimama mbele yake. Nyingi ya filamu hizi hazina negativu, yaani filamu mama ya kuchapia nakala: mkanda uliokuwa ndani ya kamera ndio huohuo uliosafishwa na kuoneshwa ukutani. Ukiharibika, hakuna nakala nyingine.

Na kilichomo ni cha thamani. Filamu za habari za sinema zilionesha mipigo mikubwa, tena karibu zote kwa rangi nyeusi na nyeupe. Shabiki aliyekaa jukwaani na kamera yake ndiye aliyewapiga picha wachezaji wakipasha misuli moto, watoto wakiomba saini, na kuanzia katikati ya miaka ya 1930, nyasi na jezi zikiwa na rangi zake kwa Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak. Tarehe 1 Oktoba 1932, katika uwanja wa Wrigley Field jijini Chicago, shabiki aitwaye Matt Kandle alikuwa na kamera ya 16mm wakati Babe Ruth, mpigaji maarufu wa Yankees, alipoinua mkono kabla ya kuupiga mpira; hadi leo watu wanabishana kama alikuwa anaonesha pale atakapoupeleka. Filamu yake ilikaa na familia miongo kadhaa kabla ya umma kuiona. Huenda na boksi lako lina kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

Jua ulichonacho

Pima upana. 16mm ilianza kuuzwa mwaka 1923, 8mm mwaka 1932, na Super 8 mwaka 1965. Hizi mbili za mwisho zina upana uleule, kwa hiyo angalia matundu: ya 8mm ya kawaida ni makubwa na yako kwenye mstari unaotenganisha fremu, ya Super 8 ni madogo na yako katikati ya ubavu wa fremu. Rili ndogo ya 8mm yenye futi 50 ina fremu 4,000, yaani kama dakika nne.

Kisha nusa. Harufu ya siki maana yake plastiki ya asetati imeanza kuoza na kutoa asidi. Tenga mkanda huo na mingine, kwa sababu mvuke wake unaweza kuharakisha kuoza kwa jirani zake. Vipo vipande vya karatasi vya kupimia asidi: weka kimoja ndani ya kopo lililofungwa kwa saa 24 katika joto la kawaida la chumba. Kikibaki bluu, mkanda uko salama. Kikigeuka kijani, upange uwe wa kwanza kuskaniwa. Kikiwa njano, usingoje.

Usafishaji

Fanya kazi juu ya meza safi ukiwa na vizungushio viwili vya mkono na glavu za pamba. Shika mkanda kwa kingo zake tu. Viungo vya zamani vya gundi hukauka na kuachia, hivyo pitia vyote polepole, na kila kinachocheza kikate na ukiunge upya kwa utepe maalumu wa filamu. Ongeza mita moja na nusu ya mkanda mtupu mwanzoni na mwishoni, ili mkono na mashine visiguse picha.

Vumbi litoe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kikiwa kikavu kwanza. Uchafu ukibaki, loanisha kitambaa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, vuta mkanda taratibu katikati yake, badilisha sehemu ya kitambaa mara kwa mara, na uache filamu ikauke kabisa kabla ya kukunjwa. Usitumie maji. Mkanda ulioota ukungu una jelatini iliyolainika, na maji yataondoka na picha yenyewe. Alkoholi pia usiipitishe kwenye filamu yenye ukanda wa sauti wa sumaku pembeni.

Uskani

Tafuta huduma yenye skana isiyotumia meno, inayopiga fremu mojamoja kwa ukubwa wa 2K (kama pikseli 2,000 kwa upana) au zaidi, na inayoonesha upana wote wa mkanda pamoja na matundu. Kataa anayeonesha filamu ukutani na kuirekodi kwa kamera ya video. Utapata picha inayopepesa, na mkanda wako utakuwa umepita kwenye projekta ileile uliyotaka kuuepusha nayo.

Agiza faili ghafi, bila kuondolewa chembe wala vumbi kwa programu. Hapa ndipo filamu za besiboli zinapoumizwa sana. Programu hizo hufuta kitu chochote kinachoonekana kwenye fremu moja na kutoweka kwenye inayofuata. Mpira wa kasi unaosafiri mita 18.44 kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji unaonekana kwenye fremu kama saba tu, kila mara mahali pengine, ukiwa doa dogo jeupe. Kwa programu, hilo ni vumbi. Utabaki na mpigaji anayepiga hewa.

Kasi na upande

Filamu nyingi za zamani zilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde. Zikichezwa kwa 24, wachezaji wanakimbia kama vichekesho. Mchezo wenyewe unakupa kipimo: kutoka kupiga hadi kukanyaga kituo cha kwanza ni mita 27.43, na mchezaji wa kulipwa anayekimbia kwa nguvu zote hutumia sekunde kati ya 4 na 4.5. Hesabu fremu kuanzia gongo linapogusa mpira hadi mguu unapogusa kituo. Ukipata 64 hadi 72, kasi ni 16. Ukipata karibu na 100, ni 24. Chagua mtu aliyekuwa anakimbia kweli, si aliyejua tayari mpira umedakwa.

Upande nao hukosewa mara nyingi mkanda unapopakiwa kinyume. Wakimbiaji wa besiboli huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, daima. Wakienda kwa mwendo wa saa, igeuze picha kushoto kwenda kulia.

Mwaka

Anza na kingo. Kodak iliweka alama ndogo za mwaka pembeni, na alama hizo zilirudiwa kila miaka 20: duara ni 1936 au 1956, mraba ni 1937 au 1957, pembetatu ni 1938 au 1958. Huo ni mwaka wa kutengenezwa kwa filamu; huenda ilipigwa mwaka mmoja au miwili baadaye. Muhuri wa posta kwenye boksi, ukiwepo, unakupa mpaka wa juu.

Kisha uangalie mchezo. Glavu zimelala kwenye nyasi wakati timu inapiga? Ni kabla ya 1954, kwa sababu msimu huo sheria ilianza kukataza. Yankees, timu ya New York, hawana namba mgongoni? Ni kabla ya 1929. Nembo ya miaka mia ya besiboli begani ni 1939. Ukuta wa kushoto wa Fenway Park, uwanja wa Boston, ukiwa na matangazo ni kabla ya 1947, ulipopakwa kijani. Mimea itambaayo kwenye ukuta wa Wrigley Field ilipandwa 1937, na nguzo za taa hapo ni 1988 kwenda mbele. Jackie Robinson, mchezaji mweusi mashuhuri, akiwa na jezi ya Dodgers ni 1947 hadi 1956, na mechi yoyote ya Dodgers ndani ya Ebbets Field, uwanja wao wa Brooklyn, haiwezi kupita 1957.

Ushahidi bora kuliko yote ni ubao wa matokeo. Simamisha kila fremu inayouonesha, ongeza utofauti wa mwanga, na uandike kila tarakimu inayosomeka: mabao ya kila iningi (zamu ya timu zote mbili kupiga), timu mgeni, na matokeo ya miji mingine. Mechi moja inaweza kufanana na nyingine, lakini matokeo ya viwanja vitatu siku moja hayajirudii kirahisi. Yalinganishe na kumbukumbu za Retrosheet, tovuti ya matokeo ya mechi za zamani, zinazopatikana bure, na mara nyingi utapata siku kamili.

Baada ya hapo

Usitupe mkanda kwa sababu una faili. Uweke kwenye kopo la plastiki la polipropilini, ukiwa umelala, mahali pa baridi na pakavu. Weka nakala tatu za faili, moja ikiwa nyumba nyingine kabisa. Kama uliununua mkanda mnadani, kumbuka kwamba kwa sheria ya Marekani kumiliki rili si kumiliki hakimiliki, ambayo kwa kawaida hubaki kwa aliyepiga au warithi wake. Ukitaka kuukabidhi, maktaba ya Ukumbi wa Heshima wa Besiboli huko Cooperstown, New York, hutunza filamu pia. Waandikie kwanza, na uambatanishe maelezo ya uwanja, timu, tarehe uliyoipata na fremu zilizokuthibitishia.