Oili ya pawa stelingi ikipungua, usiongeze tu: somo kwa wenye magari ya zamani

Nilikuwa na gari aina ya Carina niliyoitumia kati ya Kigoma mjini na Kasulu. Kila baada ya wiki mbili oili ya pawa stelingi, yaani ya mfumo unaofanya usukani uwe mwepesi, ilishuka, na kila baada ya wiki mbili niliongeza, nikiamini natunza gari. Siku moja nilipeleka mzigo Manyovu. Wakati wa kurudi, katikati ya kona za mteremko, usukani ukawa mzito ghafla na nikaukata kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote. Pampu ilikuwa imelika kwa kukosa oili. Chanzo kilikuwa klipu iliyolegea, ile inayobana mpira wa kupitisha oili.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja: oili ya pawa haiungui kama petroli na haipungui kwa kutumika. Ikishuka, imevuja.

1. Hakikisha gari lako lina oili hiyo

Passo, IST na magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yana mota ya umeme kwenye usukani, hutaona kopo la oili wala pampu. Somo hili ni la Corolla 110, Carina, Mark II, Noah za zamani, Hilux na wenzao.

2. Pima

Simamisha gari mahali pa tambarare, maana mteremko unadanganya kipimo. Gari lililolala usiku kucha lipime kwa alama ya COLD, lililotoka safari kwa alama ya HOT. Oili hupanuka ikipata joto, kwa hiyo ukijaza gari la baridi hadi HOT itafurika na kumwagikia belti.

Kabla ya kufungua mfuniko, ufute. Kiangazi vumbi letu jekundu hujaa chini ya boneti, na chembe zikidondoka kwenye kopo zinasaga pampu kama msasa.

3. Soma rangi

ATF (oili ya gia otomatiki, ambayo pawa nyingi hutumia) ikiwa mpya ni nyekundu na inapitisha mwanga, kama juisi ya rozela. Chovya tishu nyeupe uitazame juani. Ikiwa kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi kama kahawa na inanuka kuungua, imebeba masalia ya mipira na chuma, usisubiri tena. Ikiwa na povu au imepauka kama imetiwa maziwa, kuna hewa inaingia.

4. Tafuta inakovujia

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo pesa inapookolewa. Safisha kopo, pampu na mipira yote kwa kitambaa. Tandika boksi la karatasi chini ya gari usiku. Asubuhi doa litakuonyesha upande.

Anza na mpira mnene unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Ukikauka kwa umri au klipu ikilegea, wakati mwingine hauvujishi hata tone nje, ila unavuta hewa ndani. Pampu inaanza kulia na oili inafanya povu. Ukibadilisha mpira huo na klipu zake, mlio unaweza kuisha bila kugusa pampu.

Kisha paipu ya presha. Usukani ukikatwa hadi mwisho, presha humo inaweza kupita bar 60, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 na kitu. Ukiona unyevunyevu kwenye viungo vyake usiache, hasa ikiwa inapita karibu na ekzosi, kwa sababu ATF inashika moto.

Mwisho, zile bellow za mpira zenye mikunjo kwenye ncha mbili za stelingi raki, kile kifaa kirefu kinachosukuma magurudumu ya mbele yakate kona. Ziminye. Ukisikia maji maji ndani, sili za raki zimekufa na oili inajikusanya humo kimya kimya, ndiyo maana huoni doa chini.

5. Chagua oili

Soma mfuniko wa kopo au kitabu cha gari. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinatumia ATF ya Dexron II au III. Honda wana oili yao ya pawa, na baadhi ya magari ya Ulaya yanatumia ya kijani ambayo haichanganywi na nyekundu. Oili ya breki usiiweke kamwe, inalainisha na kuvimbisha sili.

6. Badilisha kwa bomba la sindano

Njia hii haihitaji jeki na unaweza kuifanya peke yako. Nunua duka la dawa bomba kubwa la mililita 60, na mpira mwembamba kama wa dripu. Injini ikiwa imezimwa, vuta oili yote iliyomo kwenye kopo. Angalia chini ya kopo: magari mengi yana chujio la wavu hapo. Likiziba, pampu hulia hata kama kipimo ni sahihi.

Jaza oili mpya hadi alama. Washa, kata usukani taratibu kushoto na kulia mara tano, kisha tumia gari siku mbili tatu. Vuta tena, jaza tena. Mfumo mzima wa gari dogo hubeba karibu lita 1. Kopo lako likibeba theluthi yake, mara ya kwanza umebadilisha theluthi moja tu, mara ya tatu umefika asilimia 70 hivi, mara ya tano umekaribia 87. Mimi huenda mara tano.

Oili chafu usiimwage mtaroni, mitaro ya mji wetu inashukia ziwani tunakovua dagaa. Iweke kwenye dumu na uipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

7. Toa hewa

Hii ni kama umefungua mpira wowote. Nyanyua magurudumu ya mbele, gari likae kwenye stendi imara na si jeki peke yake, nyuma weka mawe. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara kumi au zaidi, huku mwenzako akiongeza oili kopo lisikauke. Ndipo uwashe na kurudia injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Usiushikilie mwisho kwa zaidi ya sekunde mbili tatu, pampu inachemka. Ukizima injini na oili ikapanda kopo kwa zaidi ya milimita 5, hewa bado imo.

Maswali ya wasomaji

*Dereva wa Noah, Kasulu:* Shikamoo fundi. Yangu inapiga kelele kali asubuhi nikikata kona, kisha inanyamaza. Ni pampu?

Marahaba kijana wangu. Kelele kali kama hiyo, inayonyamaza baadaye, mara nyingi ni belti, mlio wa kulia unaopanda na kushuka na injini ni pampu au hewa. Minya belti kwanza. Ikiwa imelegea au imelowa oili, anza nayo.

*Mwenye Hilux, Uvinza:* Mkuu, dukani huku nimepata oili ya haidroliki ya trekta tu. Niweke?

Usiweke, ndugu yangu. Oili hizo zina uzito tofauti na viungo tofauti. Agiza ATF Kigoma mjini, basi la kesho litakuletea. Kama usukani umeshaanza kuwa mzito, gari lisitoke.

*Mama mwenye Corolla, Ujiji:* Fundi wa gereji moja ameniambia nibadilishe raki nzima. Nitajuaje kama ni kweli?

Dada, mwombe akuonyeshe. Aminye zile bellow mbele yako. Zikiwa kavu na raki yenyewe haijalowa popote, kuvuja hakutoki kwenye raki, na una haki ya kumtaka akague mipira na paipu ya presha kwanza.

*Kijana wa Mwandiga:* Mwakeye kaka. Jana mdogo wangu ameongeza oili ya breki kwenye kopo la pawa. Gari halijawashwa tangu hapo.

Mwakeye. Mshukuru Mungu halijawashwa. Msiliwashe. Vuta yote kwenye kopo, kisha chomoa mpira unaorudisha oili kwenye kopo na mpira mnene wa kwenda pampu, mwage kilichobaki kwenye beseni. Osha kopo kwa ATF mpya na uimwage. Funga, jaza, toa hewa kama hatua ya 7, kisha badilisha kwa bomba la sindano mara tano. Weka oili uliyoitoa kwenye chupa ya maji isiyo na rangi, uniandikie imetoka ya rangi gani.