Somo: Protini ya gunia siyo protini ya tumbo (dagaa, damu, mifupa na manyoya kwa vitoto vya nguruwe)

Wafugaji wenzangu, mtu akileta malalamiko kwamba vitoto vilivyoachishwa kunyonya vinaharisha, huwa namuuliza kwanza: protini umeitoa wapi? Wengi hunijibu kwa asilimia. "Mwalimu, iko 20, nimepima." Sijauliza ni ngapi, nimeuliza imetoka wapi.

Nami nilijifunza kwa hasara. Nilinunua viroba viwili vya unga wa damu kwa bei ya kutupa. Mweusi tii kama masizi ya sufuria, ukiusugua kidoleni unanuka kuungua. Maabara ikasoma protini asilimia 80 na ushee, nikajiona mjanja. Nikachanganya, nikavipa vitoto kumi na moja. Siku ya nne sakafu ya banda imejaa kinyesi kama uji wa kijivu, na mizani haijasogea hata robo kilo. Protini ilikuwemo kweli, ila iliingia mdomoni ikatokea mkiani.

Maabara haikudanganya. Kipimo cha kawaida kinatafuta naitrojeni, kisha kinazidisha kwa 6.25. Kwato ina naitrojeni, nywele zina naitrojeni, mbolea ya urea ndiyo usiseme. Kipimo hicho hakijui kama tumbo litaweza kuivunja.

Hatua ya 1: Lielewe tumbo lenyewe

Kitoto kikinyonya, sukari ya maziwa hugeuzwa na bakteria kuwa tindikali, na tumbo linakaa kali. Siku unapokiachisha, ukali ule unapungua, na kiwanda chake chenyewe cha tindikali bado kichanga. Pepsini, kimeng'enya kinachoanza kukata protini, haifanyi kazi bila ukali. Kipande kisichokatwa kinateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanakichachusha, amonia inapanda, vijidudu vya kuharisha vinapata karamu.

Ndiyo maana watafiti hawategemei kinyesi. Wanachukua sampuli mwishoni mwa utumbo mwembamba, kupitia kijibomba kilichowekwa ubavuni mwa nguruwe. Wakisubiri kinyesi, bakteria wa utumbo mpana wanakuwa wameshaila protini iliyobaki, na hesabu inaonyesha nguruwe kafaidika kumbe waliofaidika ni bakteria.

Hatua ya 2: Panga malighafi kwa kinachofyonzwa

Tutumie lisini, asidi amino (yaani tofali moja kati ya yanayojenga protini) inayopungua kwanza kwenye chakula cha mahindi. Kitoto cha kilo 7 hadi 11 kinahitaji lisini inayofyonzwa karibu asilimia 1.35 ya chakula chake. Kilo moja ya unga mzuri wa samaki inampa takriban gramu 39. Kilo moja ya unga wa manyoya, ambao gunia lake linajisifu kwa asilimia 80 za protini, inampa takriban 12. Hapo ndipo bei rahisi inapogeuka ghali.

Samaki ndiye namba moja kwa wengi wetu. Zaidi ya asilimia 80 ya lisini yake hufyonzwa. Adui yake ni mchanga: dagaa wa Ziwa Victoria walioanikwa chini ufukweni wanakuja na mchanga wao, waliokaushwa kwenye chanja ni wasafi. Mapanki ya sangara (mabaki baada ya minofu kutolewa) yaliyosagwa nayo yanaitwa unga wa samaki, lakini humo mfupa ni mwingi na nyama kidogo.

Damu iliyokaushwa vizuri inameng'enywa kuliko karibu vyote, na lisini yake ni nyingi mno. Iliyounguzwa ndiyo ile yangu: joto linaifunga lisini, kimeng'enya hakipati pa kuishika. Pia damu ina upungufu mkubwa wa asidi amino iitwayo isolusini, kwa hiyo hata iliyo nzuri ukiizidisha kitoto kinadumaa.

Unga wa nyama na mifupa: protini yake nyingi ni ya ngozi na kano, na chokaa ya mfupa inazima tindikali kidogo iliyopo tumboni. Mimi kwa vitoto siugusi.

Manyoya nimeshayasema.

Hatua ya 3: Kagua kabla hujalipa

Tia vijiko viwili vya unga kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga unatua chini mara moja, utauona kama kwenye ndoo ya maji ya mto.

Ukishuku muuzaji katia urea ili kipimo kisome juu, chukua soya mbichi iliyosagwa, changanya na unga huo na maji ya uvuguvugu kwenye chupa, funika. Soya mbichi ina kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia. Fungua baada ya nusu saa. Harufu ya choo cha stendi ikikupiga puani, rudisha mzigo.

Damu iwe ya kahawia iliyokolea au nyekundu ya kahawia. Nyeusi, mwachie mwenyewe.

Hatua ya 4: Ukiweza, pika damu yako

Chukua ya ng'ombe, machinjio yenye mkaguzi, asubuhi ileile. Chemsha ukikoroga hadi yote igande na isibaki majimaji mekundu katikati, kama dakika 30 hadi 45. Kamua maji kwa gunia safi, vunjavunja, anika juu ya turubai tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, saga. Usikaange! Lita kumi zitakupa kilo mbili hivi za unga.

Hatua ya 5: Vipimo vyangu

Kwa kila kilo 100 za chakula cha vitoto: unga wa dagaa kilo 5 hadi 8, damu isizidi kilo 2, soya iliyokaangwa ijaze pengo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mfugaji, Mbozi: Shikamoo mwalimu. Manyoya ya kuku napata bure. Nikiyachemsha kutwa nzima kwa kuni je?

Jibu: Marahaba. Sufuria ya wazi haivuki nyuzi 100. Keratini, protini ngumu ya manyoya, inahitaji mvuke wenye mgandamizo, kiwandani. Yako peleka shimo la mboji.

Mfugaji, Kahama: Damu ya nguruwe ninaowachinja mwenyewe, si ndiyo salama zaidi maana nawajua?

Jibu: Hapana, kaka, hapana. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, inakaa kwenye damu, na haina tiba. Kosa moja la kupika unafuta banda zima.

Muuza kitimoto, Dar es Salaam: Wateja wangu wanasema nyama inanuka dagaa.

Jibu: Huyo alilishwa dagaa mpaka siku ya kuchinjwa. Dagaa ni wa vitoto. Wakubwa waachishwe wiki kadhaa kabla, wanenepe kwa soya na mashudu.

Mfugaji, Moshi: Mimi nimetumia damu nyeusi mwaka mzima na nguruwe wangu wamenona. Usitutishe.

Jibu: Wana kilo ngapi? Nguruwe wa kilo 60 anavumilia mengi, na huenda mashudu ndiyo yaliyombeba. Mpe wa kilo 8, umpime kila wiki, halafu rudi hapa.

Mfugaji, Iringa: Mwalimu, nimefanya jaribio la soya kwa unga wa dagaa. Chupa imenuka baada ya dakika 20, ila na unga mkavu ulikuwa unanuka kidogo tangu mwanzo. Nishike lipi?

Jibu: Dada, rudia kwa chupa mbili. Moja unga na maji tu, ya pili uongeze soya. Zikinuka sawa, dagaa wako wameoza. Ya soya ikizidi mno, umeuziwa urea. Vyovyote vile, vitoto visile huo unga.