Kutoka Guangzhou hadi Kariakoo na mikoba

Siku ya kuondoka usirudi sokoni. Niliwahi kukimbilia soko la Sanyuanli asubuhi kufuata mikoba sita tu, nikafika uwanja wa ndege wa Baiyun jasho linanitoka, begi limezidi uzito kwa kilo nne. Nikalifungua mbele ya foleni nzima, nikavaa majaketi mawili na viatu vya mteja. Sasa nina mizani ya kuning'iniza. Napima begi usiku, hotelini.

Pawabenki weka kwenye begi la mkononi, begi kubwa la mzigo haliruhusiwi kuwa nayo. Humo humo tia kanga: ndiyo shuka, ndiyo mto, ndiyo taulo.

Ukiunganisha ndege Addis Ababa, hesabu saa. Ukikaa pale zaidi ya saa 12, Tanzania inadai cheti cha homa ya manjano. Karatasi za mzigo uliotangulia kwa meli zikae pamoja na pasipoti.

Usingizi ndio mtihani. China wako mbele yetu saa 5, kwa hiyo ukitua Dar mchana, usiguse kitanda. Mimi hupitiliza dukani, nafungua begi, na wateja hawaniachi nisinzie. Jioni wali maharage, chai ya tangawizi; saa mbili usiku nazima simu.