Picha ya kapsuli ya utumbo iwe umbo la pande tatu: hatua kwa hatua

Mpwa wangu wa Lindi ana mradi wa chuo kuhusu uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana: anachukua picha ya kapsuli, yaani kidonge chenye kamera ambacho mgonjwa humeza, na kuigeuza kwa kompyuta iwe umbo la pande tatu. Juzi kanipigia saa nne usiku: "Shikamoo mjomba, utumbo wangu umeota miiba." Nikacheka. Miiba hiyo mimi ilinila siku mbili hapa Mtwara.

1. Pakua Kvasir-Capsule, mkusanyo wa picha za kapsuli. Ni bure, ina picha 47,238 zenye lebo. Za wagonjwa wa hapa usiguse bila ridhaa. Kata ukingo mweusi.

2. Futa mng'aro. Ukuta wa utumbo una majimaji, na taa ya kapsuli iko ubavuni mwa lenzi, hivyo mwanga unarudi kama madoa meupe. Hesabu yetu (hatua ya 3) inasoma weupe kama ukaribu. Kila doa linachomoza mwiba. Kwa OpenCV (maktaba ya programu za picha), geuza picha iwe HSV, mfumo wa rangi ambamo V ni mwangaza na S ni ukolevu wa rangi; shika pikseli zenye V kubwa na S ndogo, tanua eneo hilo pikseli 2 au 3, kisha lijaze kwa inpaint, amri inayoziba eneo kwa rangi za jirani. Usizidishe! Mimi nilitanua 9: miiba ikaisha, na kichwa cha polipu (kinyama kinachoota kwenye ukuta wa utumbo) kikaenda nayo, kwa sababu polipu inayoitazama taa hung'aa kileleni. Kwa hiyo linganisha na picha ya asili kwa macho, kila mara. Yenye mapovu mengi itupe. Na usiniambie habari ya kulainisha picha nzima. Huko ni kupaka chokaa ukuta wenye ufa.

3. Tumia chaneli nyekundu tu. Damu hunyonya kijani na bluu, kwa hiyo huko mishipa hugeuka mitaro. Gawa thamani ya kila pikseli kwa 255, pandisha kwa kipeo cha 2.2 ili upate mwanga halisi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, basi kina ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha mwanga.

4. Kila pikseli na kina chake ni nukta moja: zihifadhi kama PLY (faili la umbo la pande tatu), fungua kwa programu ya MeshLab.

Kabla ya kuamini chochote, jaribu na korosho iliyobanguliwa: chumba giza, flashi ya simu. Umeme ukikatika ndiyo nafasi yenyewe. Mkunjo wa korosho usipotoka, polipu haitatoka.

Kina hiki ni cha kulinganisha, si milimita. Polipu ya milimita 6 na kuendelea humpeleka mtu kwenye kolonoskopi (kipimo cha utumbo mpana kwa mrija wenye kamera), kwa hiyo usimwandikie daktari kipimo ulichokitoa hapa. Kapsuli yenyewe hupiga picha tu, haikati kipande cha nyama.

Na kitu cheusi hutoka kama shimo. Lile "pango" alilonitumia mpwa kwa furaha saa saba usiku lilikuwa kinyesi.