Oveni ya gesi haiwaki? Usikimbilie kununua vali

Sisi tunaoishi huku Marekani, oveni ikigoma tu, pleti za juu zinawaka freshi lakini chini kimya, mtu anaamua vali, ile inayofungulia gesi, imekufa na usiku huohuo yuko mtandaoni anatafuta vali mpya. Subiri kwanza. Kwenye majiko mengi ya huku vali ya oveni ni nzima kabisa, ila haijapata umeme wa kutosha wa kuifungua, na anayeinyima huo umeme ni ignita, kile kiwashio cha umeme cha oveni. Ignita ni makumi ya dola, vali inaweza kuwa mara kadhaa ya hapo, kwahiyo ukilaumu asiye na kosa unaumia mfukoni na oveni bado haiwaki.

Ila kabla ya yote, harufu. Ukisikia harufu kali ya gesi ndani hapo hakuna ufundi tena, usiwashe taa wala kuizima, usichomoe kitu ukutani, simu usipigie ndani, chukua watoto mtoke, mkishafika mbali na nyumba ndo unapiga 911 au namba ya dharura ya kampuni ya gesi, ile iko kwenye bili. Ukiwa Uingereza ni 0800 111 999, mchana na usiku. Na usianze kutafuta inatokea wapi kama tulivyozoea nyumbani, kwamba unafunga mtungi, unafungua mlango unapepea na kanga yamekwisha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa inalala chini, gesi ya bomba ya huku mara nyingi ni nyepesi, inapanda juu darini, halafu pale ukutani hakuna mtungi wa kufunga, kuna bomba linalotoka barabarani.

Haya, kama hakuna harufu, tuangalie oveni inavyowaka. Ukiweka joto unalotaka, umeme unapita kwanza kwenye ignita, kile kijiti cha kijivu kilicho karibu na bomba la moto la chini, kinaanza kuwa chekundu. Umeme huohuo unaendelea mpaka kwenye vali, sababu vimeungwa kwa mstari mmoja. Ndani ya vali kuna kakipande kembamba ka chuma kanakojikunja kakipata joto la huo umeme, kakijikunja ndo gesi inapita, inakutana na ignita ishakuwa moto mkali na oveni inashika moto taratibu, wuuf. Yaani vali imetengenezwa isifunguke mpaka ignita iwe na uwezo wa kuwasha, gesi isije ikajaa bure ndani ya oveni. Sasa ignita ikizeeka inapitisha umeme kidogo, inang'aa ndio, unaiona nyekundu kabisa unasema hii nzima, kumbe vali bado inasubiri. Hapa ndo watu wengi wanaponasa, wanaona inang'aa wanahukumu vali.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Washa oveni, chungulia chini, hesabu muda. Nzima inang'aa rangi ya chungwa kali inayoelekea njano na moto unashika ndani ya dakika moja hivi. Ikipita dakika moja na nusu inang'aa kinyonge tu na moto hakuna, au moto unakuja kwa kuchelewa na mlipuko mdogo, ignita imechoka, zima usiendelee kujaribu. Halafu jaribu na moto wa juu ndani ya oveni, ule wa kuchomea (broil), kama lako linao, maana mara nyingi una ignita yake. Juu ukiwaka na chini ukagoma, ujue gesi inafika mpaka kwenye jiko, tatizo liko upande wa chini tu.

Mwenye mita ya kubana waya anapata jibu safi zaidi, unabana waya mmoja wa ignita oveni ikiwa imewashwa unasoma ampea. Ignita nyingi za bapa zinatakiwa zifike kati ya 3.2 na 3.6, zile za duara kati ya 2.5 na 3.0, na mara nyingi namba imeandikwa kwenye vali yenyewe. Ukisoma 2.7 kwenye ya bapa, umeshampata mwizi. Kupima omu (ukinzani wa umeme) peke yake hakutoshi, iliyochoka inaweza kukuonyesha namba nzuri tu ikiwa baridi. Na tafadhali sana, usije ukaichomeka vali moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani eti "kuijaribu", ile inafanya kazi kwa volti chache mno, ukiipa 120 unaiua hapohapo, hata kama ilikuwa nzima.

Ignita isipong'aa kabisa ni habari nyingine, inaweza kuwa imekatika, waya umeungua, thermostati (kidhibiti joto) au bodi ya umeme ya jiko haitoi umeme, na hata vali ikikatika ndani ignita haing'ai, si nimesema ziko mstari mmoja. Lakini usisahau vitu vya kijinga. Umeme ukikatika pleti za juu kwenye majiko mengi unaziwasha kwa kiberiti, oveni hapana. Halafu kwenye regulata nyuma ya jiko, ile inayopunguza presha ya gesi, baadhi ya majiko yana kiwiko kidogo cha kugeuza kinachofunga gesi ya oveni peke yake, waliohamisha jiko walikigusa na hakuna aliyekumbuka kukirudisha. Kiwiko kikilala sambamba na bomba ni wazi, kikikata msalaba kimefungwa.

Vali ina hatia lini basi? Ignita ina ampea zake zote, gesi ipo, na bado hakuna kinachotoka, hapo sawa ni vali. Au kinyume chake, umezima oveni na moto bado unawaka, au joto linapanda kupita ulichoweka bila kukoma, hiyo vali haifungi, funga gesi ya jiko na usiitumie tena hata kwa chai. Za juu nazo zina vali zao nyuma ya kila kitufe, kitufe kikiwa kigumu kuzunguka, moto haupungui ukiweka mdogo, au kuna harufu ukinusa karibu nacho, hiyo inabadilishwa, haipakwi grisi ya kupikia kama wengine wanavyoshauriana. Ila pleti inayopiga tiki tiki tiki bila kuwaka kwa kawaida ni matundu yamejaa mafuta, kifuniko hakijakaa vizuri au umetoka kuosha na maji hayajakauka.

Sasa nani anatengeneza? Kama umepanga, usiguse. Waandikie wenye nyumba kwa maandishi, taja kabisa "ignita inang'aa, oveni haiwaki baada ya sekunde 90", fundi atakuja na kifaa mkononi badala ya kuja kuangalia na kuondoka. Kwenye nyumba yako mwenyewe ignita unaweza kuibadilisha, chomoa umeme, funga gesi, usiishike kwenye kile kijiti maana kinavunjika kama biskuti, na viunganishi vya waya viwe vile vya udongo wanavyoweka kwenye boksi, vya plastiki vinayeyuka. Namba ya modeli iko kwenye fremu, fungua mlango au ile droo ya chini utaiona. Vali na mabomba mwachie fundi wa gesi.

Walioko Uingereza huo mjadala haupo, kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe tu, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na mwenye nyumba analazimika kukagua vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12 na kukupa nakala ya cheti. Jiko lenu nalo lina ugonjwa wake, unabonyeza kitufe moto unawaka, ukiachia unazima. Huyo ni themokapo, kile kincha kinachokaa ndani ya moto, kikichafuka au kikichoka hakishikilii vali. Kushikilia kitufe sekunde kumi ni sawa, kukifunga na kijiti kibaki chini si sawa hata kidogo.

Mwisho wanaonunua jiko la mtumba. Uliza lilikuwa linatumia gesi ya bomba au ya mtungi. La bomba likifungwa kwenye mtungi bila kubadilishwa tundu na regulata linatoa moto mrefu wa njano na masizi, la mtungi likiwekwa kwenye bomba moto unakuwa mdogo hata ugali hauivi. Bomba laini la kuunganishia linunuliwe jipya, lile la zamani lisirudishwe, na viungo vyote vipimwe kwa maji ya sabuni, povu likivimba kuna mahali panavuja.