Kuitunza bastola kwenye hewa ya chumvi: Mtwara hadi Kilwa

Pwani ya kusini bastola huliwa na kutu ikiwa imelala, sio ikiwa inatumika. Mtu akirudi kutoka kulenga shabaha huisafisha siku hiyohiyo. Ile iliyofungiwa kabatini Shangani au Mikindani, huko Mtwara, miezi minne ndiyo inayotoka na madoa ya rangi ya kahawia. Sababu ni chumvi: hewa ikifikia unyevu wa asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi huvuta maji hewani na kuyeyuka yenyewe, na tone hilo dogo la maji ya chumvi linatosha kuanza kula chuma. Usiku wa mvua za Novemba hadi Aprili huo ni unyevu wa kawaida kabisa. Chuma kisichopata kutu hustahimili zaidi, lakini nacho huota madoa.

Maelezo haya ni ya mwenye leseni na kwa silaha iliyoandikwa kwenye leseni hiyo. Kubadili mtutu, kutoboa au kuchonga kitu chochote ndani yake si kazi ya nyumbani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inasimamia silaha na risasi zake, na kazi ya namna hiyo hupelekwa kwa fundi wa silaha mwenye kibali, baada ya kuuliza polisi.

Kabla ya yote, hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu upande salama, toa magazini (kile kisanduku cha risasi) kwanza, kisha vuta slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, mara tatu. Mpangilio huo una maana: ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, unatoa risasi moja na kupandisha nyingine, halafu unatoa magazini ukidhani umemaliza. Angalia chemba, yaani pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole uiguse. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Baadhi ya bastola hutaka kifyatulio kivutwe ndipo zifunguke, na hapo ndipo watu hujeruhiwa, kwa hiyo rudia ukaguzi wa chemba hata kama umeufanya dakika moja iliyopita.

Fungua kwa kufuata kitabu cha bastola yako. Kwenye nyingi mtutu hutoka, ukausafisha kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni. Makarov, bastola ya Kirusi, ni tofauti: mtutu wake umeshikizwa kwenye fremu, kwa hiyo fimbo ya kusafishia huingilia mdomoni. Fimbo hiyo iwe ya shaba au iliyofunikwa plastiki, na isisugue ukingo wa mdomo, kwani ukingo ukilika risasi hupoteza shabaha.

Pitisha kitambaa cha pamba kilicholowa dawa ya kusafishia silaha, subiri dakika 10, kisha pitisha brashi ya shaba mara kumi. Kila safari brashi itokeze kabisa upande wa pili ndipo uirudishe. Ukiigeuzia katikati, nywele zake hupinda na haisafishi tena. Fuatisha vitambaa vikavu hadi kitoke cheupe. Mafuta ya taa yanaweza kuondoa uchafu dawa ikikosekana, lakini yakikauka hayaachi kinga yoyote, kwa hiyo mafuta ya kulainishia ni lazima yafuate. Petroli usiiguse: mvuke wake huwaka kwa cheche moja.

Risasi za zamani za kijeshi zina jambo lake. Fataki (kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti) za aina ya zamani huacha chumvi ndani ya mtutu baada ya mlipuko, na mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu. Huko maji ya moto ndiyo dawa: suuza mtutu, kausha vizuri, kisha paka mafuta. Ukiruka maji, kutu huanza chini ya mafuta ukiamini umeshafanya kazi.

Mafuta ni matone, sio kumwaga. Tone moja kwenye kila moja ya reli nne za slaidi, moja likisambazwa nje ya mtutu, moja pale mtutu unapofungana na slaidi. Matone sita yanatosha. Mafuta ya cherehani yanafaa kabisa. Mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba ya pwani inayo, hayafai: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na yakikaa huwa kama gundi. Njia ya pini ya kufyatulia iache kavu. Mafuta humo hukusanya vumbi, pini hupungua kasi, na fataki haiwaki. Vumbi jekundu la barabara za Masasi na Newala hufanya vivyo hivyo kwa bastola iliyopakwa mafuta kupita kiasi.

Sehemu zinazosahaulika ndizo zinazooza: springi ya kurudishia slaidi, mwili wa magazini, skrubu za mshikio na chuma kilicho chini ya vibao vyake, na vichuma vya kulengea. Magazini ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta nje tu. Ndani iwe kavu, maana mafuta yake huishia kwenye risasi. Ukiifungua, angalia springi inaelekea wapi kabla haijatoka. Ikirudi kinyume, risasi hazipandi sawasawa.

Msimu wa korosho ongeza uangalifu. Jasho na maji ya mabibo yana asidi, na alama ya kidole hugeuka kutu baada ya siku chache. Nawa, kausha mikono, na ifute bastola kila uirudishapo.

Kiyoyozi nacho ni adui. Bastola iliyopoa ofisini ikitolewa nje hutoka jasho ndani na nje, kama chupa ya soda kutoka kwenye friji. Iache ndani ya mfuko uliofungwa angalau nusu saa ipate joto la nje, ndipo uufungue. Ikiangukia baharini, usingoje kufika mjini: hakikisha haina risasi, isuuze mara moja kwa maji mengi yasiyo ya chumvi, ifungue, ikaushe, paka mafuta, na risasi zilizolowa usizitumie.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, na ganda la risasi lililokaa kwenye mikanda yake hufanya ukungu wa kijani. Sanduku la chuma lenye mpira wa kuziba na pakiti za jeli ya silika (chembe zinazonyonya unyevu) ni bora zaidi, unyevu ukibaki kati ya asilimia 40 na 50. Jeli ikishiba, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa moja au mbili.

Mwisho, unaporudisha mtutu soma maandishi yaliyopigwa juu yake, na uyalinganishe na risasi. Risasi tatu tofauti zote huitwa "tisa": 9x17, 9x18 na 9x19 (kipenyo kwa urefu wa ganda, kwa milimita). Ile ya Makarov, 9x18, kichwa chake kina kipenyo cha milimita 9.27 hivi, wakati 9x19 kina milimita 9.01. Hazibadilishani. Risasi inayoingia chembani si lazima iwe ndiyo ya mtutu huo. Na risasi ileile usiipandishe chembani na kuitoa mara nyingi, kwani kichwa husukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua, na mgandamizo hupanda kwa kiwango cha hatari ikifyatuliwa. Ukiona fupi kuliko wenzake, iweke kando.